Kivuko kwanza, ufukwe baadaye: mapumziko ya kisiwani wakati wa mvua kwa msafiri wa Nakivale na Mbarara

Ikifika katikati ya Aprili, mkulima wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale ameshapanda mahindi na maharage, palizi ya kwanza inaelekea ukingoni, na barabara ya udongo ya kutokea makazini imeanza kuwatoa jasho wenye bodaboda. Wengi husema huo si wakati wa kwenda popote. Kwa mtu anayetaka kisiwa chenye mchanga, utulivu na bei anayoiweza, mimi nauona ndio wakati wenyewe. Wageni wa Krismasi wameondoka zamani, wanafunzi wako darasani, na mwenye nyumba ya wageni aliyekaa wiki nzima bila mteja atakusikiliza ukitaja bei yako. Sharti ni moja: tazama njia ya kufika na kurudi kabla hujatazama picha za ufukwe. Wakati wa mvua, kisiwa kizuri ni kile ambacho hata mawingu yakikaza bado kuna chombo imara cha kukutoa.

Najua wapo watakaouliza mkimbizi na mapumziko wapi na wapi. Mgao wa chakula umekatwa mara kadhaa miaka hii, na sitamwambia mama anayehesabu vikombe vya unga akaoge ziwani. Lakini Nakivale ina historia ya tangu mwisho wa miaka ya 1950, ina maduka, shule, mafundi cherehani, vinyozi, wenye mashine za kusaga na vikundi vya akiba vinavyogawana fedha kila mwaka. Mwalimu wa kijiji cha New Congo, humo makazini, aliyefundisha darasa lililofurika mwaka mzima anahitaji siku tatu za kulala mpaka achoke kulala, sawa na karani wa benki wa Mbarara. Mwongozo huu ni wa wote wawili, kwa kuwa njia yao ni moja kuanzia stendi ya Mbarara.

Zanzibar tuimalize mapema. Kati ya mwisho wa Machi na Mei kunanyesha masika, baadhi ya hoteli hufunga na zinazobaki wazi hushusha bei. Ila kutoka kwetu ni zaidi ya siku nzima ya basi mpaka Dar es Salaam, na baada ya hapo boti. Raia wa Uganda anahitaji pasipoti, maana Tanzania haipokei kitambulisho cha taifa, tofauti na Kenya na Rwanda. Mkimbizi anahitaji hati maalumu ya kusafiria na viza. Nafuu ya chumba italiwa na nauli na makaratasi.

Ziwa Nakivale nalo liko mlangoni, na watoto wataliuliza. Lina viboko na mamba. Nenda ukale sato, ukatazame ndege (mabwawa ya Mburo na Nakivale yaliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar ya ardhi oevu), lakini usiingie majini na usimwache mtoto acheze ukingoni jioni.

Yanabaki maziwa mawili yenye visiwa: Bunyonyi upande wa Kabale, na Victoria upande wa Masaka, kwenye visiwa vya Ssese.

Bunyonyi ni rahisi kufika. Ni lami tupu kutoka Mbarara kupitia Ntungamo hadi Kabale, halafu kipande kifupi cha kupanda na kuteremka mpaka gati la Rutinda. Ziwa lina visiwa 29 hivi, viko karibu karibu, na maji yake hayana mamba wala viboko. Watu wa huko huogelea bila hofu ya kichocho, jambo ambalo Ssese huwezi kulisema. Mtumbwi wa kasia unakufikisha Bushara au Itambira kwa muda mfupi, ukitazama mashamba ya matuta yaliyopanda mpaka juu ya vilima. Hasara zake ni mbili. Kwanza ni baridi: ziwa liko karibu mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua utataka blanketi mbili na soksi. Pili, usitegemee ufukwe wa mchanga. Kingo zimeshuka ghafla, watu huingilia majini kwenye majukwaa ya mbao, na asiyejua kuogelea hana mahali pa kusimama. Mwenye watoto wadogo afikirie hilo kwa makini.

Ukienda Bunyonyi, mlipe mpiga kasia akuzungushe polepole. Utaona Bwama, alikoanzisha daktari mmisionari Leonard Sharp makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931, na utaona Akampene, kijisiwa cha majani chenye mti mmoja au miwili, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walitupwa wafe njaa au wazame. Waongoza wageni wengine huisimulia habari hiyo kwa kicheko. Mimi ningeomba uisikilize ukijua kwamba wale walikuwa mabinti za watu.

Anayetaka mchanga, maji yasiyo baridi, michikichi na machweo juu ya maji yasiyo na mwisho, aende Ssese. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84, na kikubwa kupita vyote ni Bugala. Kwa msimu huu nakushauri usivuke Bugala kwenda kwingine. Banda, Bukasa na Bubeke vina utulivu wa kweli, lakini unavifikia kwa boti za mbao zinazoondoka Kasenyi, karibu na Entebbe, na boti hizo hazingoji hali ya hewa itulie zikishajaza watu. Bugala ina kivuko cha magari kinachovuka kutoka Bukakata, upande wa Masaka, hadi Luuku. Kivuko hicho hakina nauli, kwa abiria wala kwa gari. Ni hapo ambapo mtu wa Mbarara anamshinda mtu wa Kampala: yule wa Kampala hulipia meli ya MV Kalangala kutoka Nakiwogo na kukaa majini zaidi ya saa tatu, wewe unavuka bure kwa chini ya saa moja.

Sasa tuzungumze mvua yenyewe, maana wengi huiogopa wasivyopaswa na kuidharau pasipofaa. Isingiro, wilaya yenye Nakivale, iko kwenye ukanda mkavu wa wafugaji. Mvua inayokuridhisha shambani kwako ni ndogo ukilinganisha na ya Ssese, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, na Aprili na Mei ndio wakati mkali. Lakini ina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko ziwa, upepo ukatoka pande zote za pwani kuelekea katikati ya maji, ukakutana huko na kuupandisha juu mvuke wa ziwa. Ndiyo sababu radi na dhoruba za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana upepo hugeuka, mawingu yakasogea nchi kavu. Basi kwa siku nyingi za masika utaamshwa na ngurumo, utakunywa chai mvua ikipiga bati, na kufikia adhuhuri jua limechungulia. Siku haiharibiki. Inaanza kuchelewa tu, na aliyekuja kupumzika hana haraka.

Kutokana na hilo fuata kanuni hii: usivuke usiku wala alfajiri. Toka Mbarara mapema na gari la Kampala, ushuke Masaka. Mtapita Sanga na Lyantonde. Lyantonde ndipo abiria hununua nyama ya kuchoma dirishani, na bei inashuka gari likianza kuondoka. Masaka utapata taksi za Bukakata, na nyingine zinazoingia kivukoni moja kwa moja mpaka mji wa Kalangala. Ingawa nauli yake ni kubwa zaidi, chukua hizi za moja kwa moja. Kutoka Luuku hadi Kalangala ni mwendo mrefu katikati ya mashamba ya michikichi, na mvua ikiwa imenyesha si njia ya kukaa watu watatu na begi juu ya bodaboda moja. Lenga kuwa Bukakata kabla ya saa nane mchana, ili kivuko kimoja kikikupita uwe na kingine.

Pale Bukakata utangoja, hata kama umebahatika. Malori hupangwa kwanza, mhudumu akiyaita moja moja kwa mkono mpaka tairi la mwisho ligusane na mstari, kisha magari madogo, kisha pikipiki na watembea kwa miguu. Wauza gonja wa kuchoma na samaki wa kukaanga wanajua muda wako kuliko unavyoujua wewe. Nunua maji ya kunywa hapo. Mkishaingia, shukeni kwenye gari mkae wazi juu, pia muulize jaketi za kujiokolea zimewekwa wapi kabla chombo hakijaondoka. Hakuna aibu katika kuuliza.

Hapa sitasema kwa upole. Ukifika kisiwani, vijana watakuja kukuuzia safari ya boti ya jioni, kisiwa cha pili, muziki na vinywaji. Wakati wa mvua, kataa. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama karibu na pwani ya Mukono jioni ya Jumamosi. Haikuwa na leseni, ilibeba watu kuliko uwezo wake, na zaidi ya 30 walikufa wakiwa karibu na nchi kavu. Waliotoka Goma, Minova, Uvira na Baraka hawahitaji kufundishwa na mimi ziwa linafanya nini chombo kikijazwa. Kama lazima upande boti ndogo, iwe mchana, maji yawe yametulia, kila mmoja awe amevaa jaketi na kulifunga, na jaketi la mtoto liwe la mtoto. Nahodha akikuambia jaketi ziko chini ya kiti zisije zikalowa, shuka.

Kuhusu mahali pa kulala: picha nyingi utakazoonyeshwa za Bugala ni za ghuba ya Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala, ambako hoteli zimepangana kando ya mchanga. Siku za kati ya wiki ni kimya kabisa. Ijumaa jioni makundi ya Kampala yakishuka na meli, spika zinawekwa nje na hakuna anayelala kabla ya saa nane usiku. Kwa hiyo nenda Jumatatu urudi Alhamisi. Kama kazi yako inakulazimisha wikendi, lala kwenye nyumba za wageni mjini juu kilimani, uwe unashuka ufukweni kwa miguu. Chumba cha juu ni nafuu zaidi, na mandhari ya ziwa kutoka kilimani asubuhi ya ukungu kwangu ni bora kuliko ya ufukweni. Epuka Pasaka, Idi, tarehe 1 Mei, na wiki ambazo shule zimefungwa mwezi wa Mei. Msimu wa pili wa mvua, kati ya Septemba na Novemba, una nafasi nzuri pia, hasa Oktoba na Novemba kabla shule hazijafunga.

Kabla ya kutuma hata shilingi ya kushika chumba, piga simu na uulize mambo machache, ukiwa na kalamu. Bei ni ya chumba au ya kichwa? Ina chakula au ni kitanda tu? Hoteli nyingi za ufukweni hutaja bei pamoja na milo yote mitatu, na ukidhani ni ya kitanda utaona ghali, au ukidhani yenye milo kumbe haina utaumia. Je, wanaruhusu hema lako mwenyewe, na kuna banda la kulihamishia mvua ikizidi? Kuna neti kitandani isiyo na matundu? Halafu uliza swali ambalo wageni hulisahau: ufukwe wenyewe bado upo? Si mzaha. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kupita rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, yakameza fukwe, bustani na vyumba vya chini Ssese na Entebbe, na mwaka 2024 yalipanda tena. Picha ya hoteli inaweza kuwa ya kabla ya hapo. Omba wakutumie picha ya leo, mtu akiwa amesimama kwenye mchanga.

Ukipata mahali ambapo kuna jiko la kukodi, gharama hushuka sana. Kikundi cha watu kumi kinaweza kukodi taksi nzima kutoka Mbarara, kikabeba unga, mchele, mafuta na sombe iliyokwisha kutwangwa, kisha kila asubuhi mmoja wenu anashuka mwaloni kununua samaki. Sato wa asubuhi aliyetoka kwenye wavu hahitaji viungo vingi: chumvi, ndimu, moto wa mkaa. Sangara mkubwa mnunue kwa kugawana. Kwa wasiokula nyama ambayo hawajui imechinjwaje, na Nakivale tunao majirani wengi Wasomali wenye kulizingatia hilo, kisiwa cha samaki ni raha tupu.

Usishangae ukiona moshi mweusi umesimama juu ya maji ukielekea kwenu. Ni wadudu wa ziwani, Waganda wanawaita sami. Hawaumi, ila hujaa puani, kwenye chai na kwenye nywele, na asubuhi utawakuta wamelala chini ya taa ya baraza kwa marundo ya kufagia. Wakitanda, funga madirisha, zima taa ya nje, ule chakula mapema. Hutoka zaidi mwezi ukiandama, kwa hiyo anayewachukia sana achague siku za mbalamwezi, na atafaidi mwanga wa kutembelea pia.

Kichocho ndicho kinachonifanya nisimpeleke kila mtu Ssese. Konokono wanaokibeba hukaa kwenye maji yaliyotulia, yenye majani na matete, karibu na mahali watu wanapofua na kujisaidia. Vijidudu vyake huwatoka kukiwa na mwanga, zaidi jua likiwa juu, yaani saa zile zile ambazo mvua imekupa nafasi ya kuoga. Huwezi kuvikwepa kabisa, unaweza tu kupunguza. Ogelea kwenye mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi, mbali na matete na mbali na mwalo wa wavuvi. Usikae majini kutwa. Usitembee miguu mitupu kwenye madimbwi ya ukingoni. Maji ya kuogea bafuni yawe ya bomba au ya mvua, si ya kuchota ziwani saa hiyo hiyo. Ambaye kuogelea ndiyo furaha yake yote na ana watoto wanaojua maji, nampeleka Bunyonyi. Ambaye anataka kukaa kwenye mchanga, kutembea, kula samaki na kulowesha miguu mara chache, Ssese itamtosha.

Makaratasi hayachukui nafasi lakini yanaweza kuiharibu safari. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea ndani ya nchi, pamoja na masharti yake. Hata hivyo beba kadi yako ya mkimbizi na karatasi ya familia, na kama utakosekana makazini kwa siku kadhaa, pita ofisi ya komanda wa OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu) uombe barua. Askari wa kizuizini aliyeona barua yenye mhuri hana maswali mengi. Tazama pia kalenda ya mgao na ya uhakiki wa majina: usifurahie ziwa kwa siku tatu, urudi ukute jina lako limeandikwa hayupo. Anayekwenda Bunyonyi akumbuke mpaka wa Rwanda uko karibu. Abaki upande huu, hata rafiki wa pale Kabale akimwambia ni kuvuka tu na kurudi.

Fedha zipange kwa mafungu mawili, na la pili usiliguse. La kwanza ni la safari. La pili ni la kukwama: nauli kamili ya kurudi pamoja na usiku mmoja wa ziada, Kalangala au Masaka, kwa sababu wakati wa mvua kivuko kinaweza kusimama kusubiri upepo upungue, na taksi zikaacha kwenda. Usitegemee simu pekee kwa fedha hizo. Mvua ikikata umeme na mtandao, wakala wa mobile money naye anafunga. Noti ziwe kwenye mfuko wa plastiki, umezikunja ndani ya nguo. Simu nayo iwe na mfuko wake, na uichaji kila umeme unapokuwapo.

Siku ya kurudi, usiku uliotangulia sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda redioni, na asubuhi muulize mvuvi pia. Ngoja dhoruba ya alfajiri ipite, uvuke mchana. Hiyo ina maana huenda ukafika Mbarara giza limeingia, na baada ya giza gari la Nakivale ni la kubahatisha, tena kwa barabara iliyolowa. Lala Mbarara kwa ndugu au nyumba ya wageni ya karibu na stendi, upande gari la asubuhi. Kama uliogelea Ssese, hesabu wiki sita hadi nane tangu siku ya mwisho uliyoingia majini, uiandike tarehe hiyo kwenye simu, na ikifika nenda kituo cha afya uombe prazikwanteli, ukimweleza mhudumu kwamba umetoka Ziwa Victoria, na kama una mimba au unampeleka mtoto mdogo umwambie hilo kwanza.